Redio ya Chumba cha Pili

Maneno niliyoyasema jijini Mwanza usiku wa kuonyesha filamu yetu, ya mke anayepigwa kwenye nyumba ya kupanga na majirani wanaosikia. Sikuwa na karatasi, kwa hiyo nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu na kuyanyoosha pale tu nilipojikwaa.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo. Wa kwetu, mwadila.

Naona taa zimewaka, watu wanafuta macho na wengine wanapapasa kandambili chini ya viti. Kaeni kidogo. Ukumbi tumepewa mpaka saa nne, na mlinzi ameshanionyesha funguo mara mbili.

Mlangoni nimeulizwa maswali mawili kabla hata filamu haijaanza. La kwanza lilitoka kwa kijana mwenye kamera shingoni: "Bajeti ilikuwa shilingi ngapi?" La pili lilitoka kwa mzee mmoja. Aliweka mkono begani kwangu, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona mnatutangaza vibaya?"

La kijana ni fupi. Milioni sita na laki mbili, na humo ndani laki tano na nusu ni wali maharage. Hakuna aliyelipwa alichostahili. Wawili bado wananidai, wako humu, na mmoja amekaa safu ya mbele makusudi.

La mzee ndilo lililonifanya niache yale niliyokuwa nimepanga kuyasema.

Ana haki ya kuuliza. Mji huu umewahi kupigwa picha na tukaumia. Mwaka 2004 ilitoka Darwin's Nightmare, filamu ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyopigwa hapa hapa. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yanabaki kwetu, watoto wa mitaani wanayeyusha vifungashio vya samaki ili wavute ule moshi. Ikapata tuzo, ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete akaisema hadharani, na hapa Mwanza watu wakaingia barabarani kuipinga. Baadhi yenu mliandamana, nawajua. Mimi nilikuwa ndani ya daladala, tukasimama mkapita.

Nimeiona mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu kila mtu alikuwa amekasirika. Mara ya pili nilikasirika kwa sababu mengi niliyoyaona nilikuwa nayajua. Watoto wa kuvuta gundi nilikuwa nawapita Makoroboi nikienda sokoni, nimekumbatia pochi yangu. Mara ya tatu nikatulia, ndipo nikajua kinachonisumbua. Mle ndani watu wetu wanaumia kama watu wasio na jirani. Hakuna aliyegonga mlango wa pembeni kuuliza anayeishi pale alikuwa anafanya nini wakati yote hayo yanatokea. Sitamlaumu sana mgeni kwa hilo. Mgeni analala hotelini, na hotelini kuta zinafika juu.

Kwetu Mabatini kuta hazifiki juu.

Nimekulia huko, upande wa mlimani, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati. Mnazijua nyumba hizo. Ukuta wa ndani unaishia kwenye lenta, juu ya lenta ni kenchi, juu ya kenchi ni bati. Fundi akifika kwenye lenta, hela ya mwenye nyumba nayo inakuwa imefika mwisho, wapangaji wanaingia hivyo hivyo. Basi chumba ni chako lakini kikohozi ni cha nyumba nzima. Ukikaanga kitunguu chumba cha kwanza, chumba cha sita wanajua leo mmepata mboga. Na nje ni mawe, haya mawe yetu tunayojivunia kwa wageni. Neno likitoka bondeni linagonga jiwe na kurudi.

Mlango uliotazamana na wetu aliishi baba mmoja aliyekuwa anampiga mkewe. Sitasema alikuwa mlevi, maana hakuwa mlevi. Alikuwa anaanza karibu na saa mbili usiku. Saa naikumbuka kwa sababu ya Radio Tanzania. Ngoma ya taarifa ya habari ikianza kulia, baba yangu, mtu mpole ambaye hakuwahi kutuchapa hata kwa kandambili, alikuwa ananyoosha mkono na kuongeza sauti. Hasemi kitu. Mama anaendelea kumega ugali na kutuwekea. Tulisikiliza habari za Angola na bei ya pamba kwa sauti ambayo hata bibi yetu kiziwi angeisikia. Halafu msomaji akivuta pumzi, katika ile nafasi ndogo kati ya habari moja na nyingine, tulisikia kile tulichokuwa tumeongezea sauti ili tusikisikie.

Mpaka leo nikiisikia ngoma ile sijui niweke wapi macho.

Filamu mliyoiona imeanzia kwenye mkono ule wa baba. Sikuwa na hadithi nyingine. Wengine walinishauri niweke mapenzi, niweke na mganga kidogo ili iuzike.

Sasa niwaambie tulipopata shida, maana wapo humu wanaotaka kupiga filamu zao na hayo ndiyo mtakayokutana nayo.

Watu tuliowapa hadithi waisome walidhani anayepiga atakuwa yule teja. Ni rahisi kuandika hivyo. Kijana anavuta unga, ana sura ya kuiba, basi mpe na ngumi. Mimi nikakataa. Mliona wenyewe: teja ni mdogo wake mke, analala koridoni kwenye godoro la sponji, hajamgusa mtu. Mpigaji ni shemeji yake, karani wa mizani, shati limepigwa pasi, msibani ndiye anayeshika daftari la michango. Mwenzangu wa kamera aliniambia watu hawataamini. Nikamwambia wa uswahilini wataamini, tatizo ni kwamba hawatapenda. Leo nimewasikia mlipoguna.

Sufuria ilipopotea uani na mtu akapiga kelele za mwizi, kwenye ile sehemu ya teja kukimbizwa, mlihesabu wangapi walitoka? Kumi na moja. Tuliwahitaji wanne tu. Saba ni wapangaji halisi waliosikia "mwizi" wakatoka na vijiti, na tulipowaambia ni filamu walinuna. Tukawaacha wabaki ndani ya picha. Kumbukeni namba hiyo, nitairudia.

Teja naye alitusumbua. Mwigizaji wetu alikuja siku ya kwanza na arosto, yale mateso ya kukosa unga, ya kwenye video: anatetemeka, anajigonga ukutani, anamwita mama yake. Tulikuwa na kaka mmoja wa kutuelekeza, ametumia unga miaka tisa, sasa yuko kwenye dawa. Akakaa kwenye ndoo akamtazama, akamtazama, kisha akasema, "Huyo ana degedege." Ndipo akatufundisha. Arosto inaanza na miayo. Miayo mfululizo, mtu hana usingizi lakini anapiga miayo mpaka taya linauma. Kisha machozi bila kilio, kamasi kama una mafua, vinyweleo vinasimama jua likiwa linawaka. Miguu haitaki kutulia kitandani. Tumbo linasokota, choo ni cha kukimbilia, na choo chenyewe ni cha nyumba nzima, kuna foleni. Hakuna anayepiga kelele, alisema, kwa sababu kelele zinakula nguvu ambayo unaihitaji kwenda kutafuta kete ya unga.

Ile picha ya dakika mbili ambapo kijana anapiga miayo tu, ile ambayo kuna mtu pale nyuma alicheka na kisha akanyamaza, ni kazi ya kaka huyo. Jina lake halimo kwenye majina ya mwisho kwa sababu alikataa. Alisema mafundi wenzake hawajui.

Yeye ndiye aliyetubadilishia pia mwisho wa kijana yule. Mimi nilikuwa nimeandika anaokoka kanisani, watu wanaimba, imekwisha. Akaniuliza, "Na kesho yake?" Dawa ya methadone, kwa wasioijua, ni ya kunywa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu. Muhimbili walianza kuitoa 2011, na baadaye ikafika kwetu hapa, hospitali ya Sekou Toure. Ni bure. Lakini kutoka juu kule mlimani hadi hospitali kila asubuhi, kwenda na kurudi, si bure, na asubuhi hiyo ndiyo saa ya kutafuta kibarua. Alisema siku alizokaribia kurudi kwenye unga hazikuwa siku za huzuni. Zilikuwa siku alizokosa nauli. Ndiyo maana filamu inamwacha yule kijana kituoni anahesabu sarafu, konda anamwita, anahesabu tena. Nimeona wengine hamkuridhika. Hata mimi nilitaka aokoke.

Turudi kwenye hela, kijana mwenye kamera usije ukasema nimekukwepa. Kamera yetu ni ya mpiga picha za harusi. Alitupa Jumatatu hadi Alhamisi, maana Ijumaa anaenda kwenye send-off na Jumamosi ni harusi. Kule Los Angeles, mtaa wa Watts, miaka ya sabini, mwanafunzi mmoja anaitwa Charles Burnett alifanya kinyume chake: alipiga filamu yake, Killer of Sheep, wikiendi kwa wikiendi, na majirani ndio waigizaji. Haikufika dola 10,000. Ni ya baba anayefanya kazi machinjioni, anarudi nyumbani amechoka hata kucheka hawezi, na watoto wanarukaruka juu ya mapaa kama wetu wanavyoruka juu ya mawe. Nilipoiona nilisema huyu amewahi kuishi mtaa wetu wa Igogo. Lakini sikilizeni sehemu inayowahusu: aliweka muziki mzuri wa watu bila kulipia. Filamu ikakaa karibu miaka 30 bila kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema, mpaka 2007, baada ya hakimiliki za nyimbo kulipiwa dola 150,000. Muziki ulizidi bei ya filamu kwa zaidi ya mara kumi na tano. Basi ukiweka wimbo wa msanii wako unayempenda kwa sababu ni rafiki yako wa Instagram, ujue.

Mambo ya kibali cha Bodi ya Filamu siyagusi leo. Kaombeni mapema, basi.

Taa ndizo zilizonifurahisha. Hatukuwa na taa za filamu. Kaka yangu ana rafiki mvuvi wa dagaa, na mnajua mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawavuliwi, mitumbwi inalala, taa zinalala. Tukapanga kupiga picha zote za usiku siku hizo za mbalamwezi, tukaazima taa bure. Kwanza tulijaribu karabai mbili za zamani kwa sababu mwanga wake ni mzuri, una rangi ya chai ya maziwa. Lakini karabai inavuma! Fundi wetu wa sauti, dada yule pale mwenye kilemba, alivua vifaa vya masikioni akasema ama zizimwe ama yeye aende kwao Nansio. Tukazima. Tukatumia zile za sola. Mwanga wake ni wa hospitali kidogo, nawaombeni radhi.

Na ndipo tunafika kwenye ile sehemu yenyewe.

Nilikuwa nimeandika kipigo kionekane. Siku ilipofika sikuweza. Tulikuwa na chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kitanda, kabati, sisi watu saba na maiki iliyofungwa kwenye mwanzi. Mwigizaji wa kiume alinyanyua mkono, dada anayeigiza mke akajikunja, na mimi nikatazama kwenye kamera nikaona picha nzuri. Nzuri. Mwanga umekaa, kivuli kimekaa. Nikasema simamisheni. Sikutaka kuwa mtu aliyekuja Mabatini na kutoka na picha nzuri ya hilo.

Dada wa sauti ndiye aliyesema, "Enzi zile wewe uliona nini?" Nikasema sikuona kitu, nilisikia. Akasema, "Basi."

Tukaitoa kamera koridoni, tukaielekeza kwenye godoro la yule kijana, na chumbani tukamwacha dada peke yake na maiki. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa anajipiga mapajani kwa kandambili na kulia. Mjumbe alikuwa na taarifa, mama mwenye nyumba alikuwa na taarifa na kodi yake ya siku tatu. Wapangaji, mjumbe alisema atawaambia yeye. Hakuwaambia, na mimi sikuhakikisha. Kosa hilo ni langu. Tulimweka kijana mmoja mlangoni ili mtu akija mbio amtulize na kumweleza.

Dada alilia mara tatu, kila mara karibu dakika mbili. Saa tatu usiku, watu wote wako ndani.

Kijana wa mlangoni hakupata kazi. Hakuja mtu. Kumi na moja walitoka kwa ajili ya sufuria.

Mara ya pili, katikati ya kilio, upande wa kulia tukasikia redio inapanda. Chumba cha pili. Ilikuwa matangazo ya mpira, watu wanabishana kuhusu penalti. Dada wa sauti alinitazama. Alikuwa na vifaa masikioni kwa hiyo yeye aliisikia kabla yangu, na mimi nilikuwa na umri wangu huu wote, nimesimama koridoni, na nilijiona nina miaka minane na tonge mkononi.

Redio mnayoisikia kwenye filamu ni ile ile. Hatukuiongeza studio. Kituo chenyewe tuliwaandikia barua kuomba sekunde 40, na nawashukuru, walitupa bure. Burnett hakuwa na bahati hiyo.

Kuna wakili mmoja aliyekuja kutuona tukihariri, akanikumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. 1971! Baba yangu alikuwa na sheria hiyo tayari siku ananyoosha mkono. Siku hizi polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na watoto wana namba ya bure, 116. Nayasema haya kwa kifupi kwa sababu mmeshayasikia kwenye semina. Kwenye ile nyumba pia walishayasikia; tangazo limebandikwa karibu na bomba.

Tulikuwa tumeahidi kwamba wapangaji wataiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Tukatundika shuka uani Jumapili moja, watoto mbele, wakubwa kwenye vigoda. Ilipofika sehemu ile, uani pakawa kimya mpaka ukasikia bati linapoa. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ilipoisha wakapiga makofi, wakatusifu picha, wakamtania teja wetu, wakaenda kulala.

Kesho yake asubuhi nilirudi kuchukua shuka. Mama mmoja alikuwa bombani anasubiri ndoo yake ijae. Akaniambia bila kugeuka, "Ile redio ni yangu."

Nikamwambia najua, mama.

Akasema, "Sikujua ni nyie. Nilijua ni yule wa chumba cha tano. Ni kawaida yake, mume akipata mshahara."

Ndoo ikajaa ikamwagika, hakufunga koki. Nilimuuliza imekuwa kawaida tangu lini, akaniambia. Yaliyofuata baada ya hapo, nani alikwenda na nani dawatini na yakafika wapi, si yangu kuyasimulia kwenye kipaza sauti. Wa chumba cha tano hakuigiza kwenye filamu yangu na hakuniomba nimuweke kwenye hotuba.

Ila mama yule amenipa ruhusa ya kusema hili moja. Nilimwambia kama inamuumiza, tunaweza kuitoa ile redio kabla ya kuja kuonyesha huku mjini, tuweke ukimya. Alifikiri. Akajitwisha ndoo, akaiweka sawa kichwani, akasema:

"Iacheni. Lakini pale mmeipunguza. Mimi niliiongeza zaidi ya hapo."

Nikampigia simu dada wa sauti palepale bombani. Tukaipandisha. Ndivyo mlivyoisikia leo.